Katuni na zawadi za makumbusho si upuzi

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu kwamba kicheko na jumba la makumbusho haviivi chungu kimoja. Wanafunzi wanaposhuka kwenye basi kuzuru makumbusho, agizo la kwanza wanalopewa ni kunyamaza. La pili ni kutogusa. La tatu ni kutoa madaftari na kunakili maandishi yote yaliyobandikwa chini ya kila kitu, kiwe fuvu la kale, kiwe mtego wa samaki, kiwe kipepeo aliyekaushwa. Anayecheka hukaripiwa mbele ya wenzake. Naye anayesimama kwenye duka lililo langoni akitamani kununua kadi yenye picha, huambiwa kwamba hakuletwa sokoni.

Hayo nimeyashuhudia mara nyingi, na sina haja ya kumtaja yeyote, maana walimu wenzangu wanajua nasema nini. Nia yangu ni kuvitetea vitu viwili vinavyodharauliwa: kile kibonzo kinachomfanyia mzaha mtu anayetazama sanaa, na kile kizawadi kidogo anachorudi nacho nyumbani. Vyote viwili vina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Sitavitetea kiholela, lakini. Ipo zawadi moja iliyotoka katika ardhi yetu ambayo hakuna mtu mwenye utu atakayeitetea, nami nitaifikia.

Tuanze na neno lenyewe. Katuni na katoni ni mtu na nduguye. Wachoraji wa kale wa Italia walipotaka kupamba ukuta kwa picha kubwa, walianza kwa kuichora kwa ukubwa wake kamili juu ya karatasi nzito, nao karatasi hiyo wakaiita cartone. Kutokana na neno hilo Waingereza walipata majina mawili. Moja ni la lile boksi la karatasi ngumu ambalo nasi tunalo madukani, katoni ya maziwa au katoni ya sabuni. La pili ni la ule mchoro wa kutangulia picha. Kwa karne kadhaa, basi, katuni haikuwa na mzaha wowote. Ilikuwa kazi ya mafundi walionuna, wakijiandaa kupaka rangi makanisa na majumba ya wafalme.

Mzaha uliingia mwaka 1843, tena uliingia kwa mlango wa maonyesho ya sanaa. Jengo la Bunge la Uingereza lilikuwa limeteketea kwa moto mwaka 1834, na jipya lilipokuwa likijengwa iliamuliwa kwamba kuta zake zipambwe kwa picha za historia ya taifa. Tume iliyoongozwa na Prince Albert, mumewe Malkia Victoria, ikaandaa mashindano, na katuni za washindani zikatundikwa katika ukumbi wa Westminster ili umma uzitazame. Wakati huohuo jiji la London lilijaa watu walioshinda na kulala njaa. Jarida la vichekesho la Punch, ambalo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, likatangaza kwamba nalo litatoa katuni zake. Ya kwanza ilichorwa na John Leech, ikachapishwa mwezi Julai mwaka 1843. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Kiini na Kivuli.

Katika mchoro huo tunawaona maskini waliovaa matambara, wakiwemo watoto na mtu anayetembelea mikongojo, wamesimama ndani ya maonyesho mbele ya picha kubwa za mabwana na mabibi walionawiri. Maneno yaliyoandamana nao yaliwachoma watawala kama pilipili: maskini wameomba mkate, nayo serikali kwa ukarimu wake imewapa maonyesho. Kuanzia hapo neno katuni likageuka maana, hata leo ukilitamka hakuna anayefikiria ukuta wa kanisa. Ningependa msomaji alitie jambo hili moyoni. Kibonzo cha kwanza katika historia kuitwa katuni kilihusu watu waliozuru maonyesho ya sanaa.

Swali la Leech lingali linatukabili sisi walimu, na si haki kulikwepa. Mzazi anaombwa nauli ya basi na ada ya kiingilio, ilhali mtoto huyohuyo pengine anakaa darasani adhuhuri nzima bila kutia kitu kinywani. Je, si sisi tena tunaotoa kivuli mahali pa kiini? Nimelitafakari sana jambo hili, na kila nikiurudia mchoro ule naona kwamba Leech hakugombana na picha, wala hakuwadhihaki maskini waliokuja kuzitazama. Wamesimama pale kwa heshima yao, wanatazama. Dhihaka yote imewaendea wale waliodhani kwamba wakishatundika picha wamemaliza wajibu wao. Anayesema mwanafunzi maskini asipelekwe makumbusho mpaka tatizo la njaa litatuliwe, anamnyima mara mbili. Lakini mwalimu anayempeleka na kumrudisha bila kujali kama amekula, huyo Leech angemchora.

Nimejifunza kutokana na kibonzo hicho kuuliza swali moja kila ninapotazama mzaha juu ya sanaa: anayechekwa ni nani hasa? Majibu hayafanani.

Mchukue Honoré Daumier wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1808 na kufariki mwaka 1879. Huyu alikuwa mchoraji wa vibonzo aliyejua gharama ya kazi yake, kwani mwaka 1832 alitiwa gerezani kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama pandikizi la mtu linalomeza mali ya raia. Alipotoka aliendelea kuchora, na kwa jumla alitoa michoro ya kuchapishwa ipatayo elfu nne. Mingi kati yake ni ya watu wa kawaida wa Paris wakiwa katika yale maonyesho makubwa ya kila mara yaliyoitwa Salon: wanasukumana, wanachoka miguu, wanapindisha shingo kutazama picha zilizotundikwa juu karibu na dari. Katika kimojawapo cha mwaka 1864, wanawake wawili wamesimama mbele ya picha za miungu wa kike walio uchi, nao wanalalamika kwamba mwaka huu tena ni hao hao, kana kwamba kuna wanawake walioumbwa hivyo! Ukikitazama kibonzo hicho huwacheki wanawake wale. Unacheka pamoja nao. Wamesema kweli ambayo wataalamu waliionea haya.

Kingine cha Daumier, cha mwaka 1865, ningekibandika katika kila chumba cha mtihani humu nchini kama ningeruhusiwa. Wachoraji wawili wameketi mashambani na vifaa vyao. Wa kwanza ananakili mandhari iliyo mbele yake. Wa pili ameketi nyuma, ananakili kazi ya wa kwanza. Kuna mwanafunzi asiyewatambua wawili hao?

Si kila mcheshi, hata hivyo, aliyekuwa na jicho la Daumier. Mwezi Aprili mwaka 1874 kundi la wachoraji ambao walikuwa wamechoshwa na utaratibu wa Salon walifungua maonyesho yao wenyewe mjini Paris, katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar. Miongoni mwao walikuwamo Claude Monet, Edgar Degas, Camille Pissarro na Berthe Morisot. Mwandishi mmoja wa gazeti la vichekesho la Le Charivari, Louis Leroy, aliandika makala ya mzaha ambamo alijifanya amezuru mahali hapo pamoja na mchoraji mzee wa kubuni, mtu wa kufuata kanuni za kale. Kadiri wanavyopita mbele ya picha ndivyo mzee yule anavyozidi kurukwa na akili, na hatimaye anamwona askari wa zamu amesimama mlangoni, akadhani kwamba naye ni picha, akaanza kumkosoa. Katika makala hiyo Leroy alilichezea neno lililokuwa katika jina la picha moja ya Monet, akawaita wachoraji wale Waimpreshonisti. Alikusudia tusi. Wenyewe wakalichukua tusi wakalifanya jina, na leo ni jina linaloheshimiwa katika kila jumba kubwa la sanaa duniani.

Miaka mitatu baadaye mchoraji wa vibonzo aliyejulikana kwa jina la Cham alimchora mama mjamzito akitaka kuingia katika maonyesho ya wachoraji haohao, na askari anamzuia mlangoni, kwamba si busara kwa hali yake. Watu wa Paris walivunjika mbavu. Wakati huo baadhi ya wachoraji waliochekwa walikuwa wakihangaika kutafuta kodi ya nyumba. Ndiyo maana nasema kicheko hiki si sawa na kile cha Leech. Kilimwendea aliyekuwa chini, na wakati nao ukakisuta. Hata hivyo sikitupi. Ukitaka mwanafunzi wa sanaa aelewe jinsi picha za Monet zilivyowashtua watu wa zama zake, jambo ambalo ni gumu kwake kuliamini akiziona leo zimetulia kwenye kalenda, mwonyeshe yule mama na yule askari. Ataelewa kwa dakika moja kile ambacho mhadhara wa saa nzima hauwezi kumwelewesha.

Marekani nayo ilipata zamu yake mwaka 1913, wakati maonyesho makubwa ya sanaa mpya yalipofunguliwa New York katika ghala la silaha la jeshi. Picha iliyozua rabsha ilikuwa ya Mfaransa Marcel Duchamp, iliyomwonyesha mtu aliye uchi akishuka ngazi, ila mtu mwenyewe amekatwakatwa vipande kama mbao. Mchoraji wa vibonzo J. F. Griswold akatoa katika gazeti la Evening Sun mchoro wa mtindo huohuo: halaiki ya watu wa New York wakishuka ngazi za treni ya chini ya ardhi saa za jioni, viwiko na kofia zikipepesuka kila upande. Aliyewahi kugombania matatu mvua ikinyesha atakifahamu kibonzo hicho bila mkalimani. Nami nadhani, bila kukusudia, Griswold alimtetea Duchamp, kwani alithibitisha kwamba mtindo ule unaweza kueleza jambo la kweli kabisa.

Duchamp mwenyewe hakuwa mtu wa kununa. Mwaka 1919 alichukua kadi ya posta ya bei rahisi yenye picha ya Mona Lisa, akachukua kalamu, akamchora masharubu na ndevu. Kadi hiyo leo inazungumziwa katika vitabu vya historia ya sanaa kwa uzito mkubwa, nami kila nikisoma maelezo hayo mazito najiuliza kama waandishi wake wamewahi kupitia daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili. Humo kila mfalme ana masharubu, na kila malkia ana pembe.

Na hapa ndipo katuni inapokutana na zawadi. Duchamp hakuigusa picha yenyewe, ambayo ipo Louvre na ina urefu wa sentimita 77 tu kwa upana wa 53. Aliigusa nakala, kitu cha kununuliwa na watalii. Umaarufu wa Mona Lisa kwa mtu wa kawaida umetokana na nakala kama hizo. Mnamo tarehe 21 Agosti mwaka 1911 picha hiyo iliibwa na Mwitaliano aliyewahi kufanya kazi Louvre, na ikapotea zaidi ya miaka miwili. Jumba lilipofunguliwa tena, watu walimiminika kuja kutazama ukuta mtupu na misumari yake. Wachora vibonzo walifurahi, wauza kadi wakafurahi zaidi, na picha iliporejea Paris mwanzoni mwa mwaka 1914 hapakuwa na mchuuzi asiyejua uso ule. Wasomi wengine husikitika kwamba uso huo sasa umebandikwa kwenye vikombe, fulana na mikebe ya biskuti. Mimi sisikitiki. Wengi wetu tuliosomea mashambani tulimwona Mona Lisa kwa mara ya kwanza juu ya kitu cha kutumika nyumbani, na tusingemwona kwingine.

Lugha yetu inalijua jambo hili vyema kuliko sisi. Makumbusho na ukumbusho ni watoto wa tumbo moja. Jumba ni mahali pa kukumbushwa, na kile kidude unachonunua mlangoni ni cha kukukumbusha kwamba ulikumbushwa. Anayekidharau cha pili sijui anatumaini nini kutoka kwa la kwanza.

Kama kuna anayetilia shaka nguvu ya kidude hicho, nitamsimulia habari za kiboko mmoja. Katika jumba la Metropolitan, New York, kuna sanamu ndogo ya kiboko wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa sentimita 20 hivi, aliyefinyangwa Misri karibu miaka elfu nne iliyopita. Mwilini amechorwa maua ya mayungiyungi, kana kwamba ndiyo kwanza ameinuka kutoka mtoni. Alizikwa pamoja na maiti ya mtu mwenye cheo. Miguu yake mitatu ilivunjwa tangu zamani na ikaja kutengenezwa upya katika zama zetu, na wataalamu hueleza kwamba ilivunjwa makusudi ili mnyama huyo asimdhuru marehemu huko ahera. Wamisri walimwogopa kiboko, na mvuvi yeyote wa Ziwa Viktoria atakwambia kwamba hawakukosea.

Jumba hilo lilimpata kiboko huyo mwaka 1917, naye hakuwa na jina. Mwaka 1931 jarida la Punch, lile lile la Leech, likachapisha makala ya kuchekesha ya kapteni mmoja wa Kiingereza. Alieleza kwamba nyumbani kwake wana picha ya rangi ya kiboko huyo, wamempa jina la William, na kila wanapotaka kuamua jambo la familia humwendea kumtazama usoni. Uso ule, alisema, hubadilika: mara unaridhia, mara unakataa katakata. Wakuu wa Metropolitan wangeweza kukasirika. Badala yake walifurahi, wakaichapisha tena makala hiyo katika jarida lao, na tangu hapo kiboko akaitwa William. Ameuzwa kama kinyago, kama mdoli wa watoto, kama picha ya kutundika, na jumba lenyewe limemfanya kuwa kama nembo isiyo rasmi. Watoto wasioweza kutaja hata farao mmoja wanajua habari za Misri kwa sababu ya William. Picha ya ukutani ilizaa mzaha, mzaha ukazaa jina, na jina likazaa zawadi elfu na moja.

Nimesema kwamba ipo zawadi nisiyoweza kuitetea. Ni kigango.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine nitasema kwa ufupi. Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu anapofariki huchongewa ubao mrefu wenye umbo la mtu, ukasimamishwa ili roho yake ipate makao na jamaa zake wapate mahali pa kumkumbuka. Haung'olewi. Hata watu wakihama, kigango hubaki pale kilipo mpaka kichakae chenyewe. Lakini kuanzia miaka ya 1970 vigango vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa katika maduka ya vinyago ya Pwani, na kutoka hapo vikasafirishwa ng'ambo kuwa mapambo ya sebuleni. Matajiri waliovinunua Marekani, wakiwemo waigizaji wa sinema, baadaye walivitoa vingi kwa majumba ya makumbusho. Walivitoa kama nini? Kama zawadi.

Mwaka 1985 mtaalamu wa anthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda mrefu vigango hivyo vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy alionyeshwa picha za vitu vilivyohifadhiwa na chuo kikuu kimoja cha Illinois, akakitambua kimojawapo. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Vilirejeshwa Kenya, na mwaka 2007 jamaa za mzee huyo wakavipokea. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Jumba la Denver, lililokuwa na vigango 30 lililopewa mwaka 1990, lilitangaza mwaka 2014 kwamba litavirudisha, na Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois lilirudisha 37 mwaka 2023.

Tofauti ya William na kigango, basi, si ya sanaa. Nakala ya William inaweza kuuzwa mara milioni bila ya mtu yeyote kulala akiwa amepungukiwa. Kigango hakina nakala. Alichokuwa nacho yule mzee hakikuwa ukumbusho wa safari, kilikuwa ndugu yake. Mwanafunzi anayefundishwa kuipambanua zawadi na ngawira atakuwa amefundishwa kitu ambacho hakimo katika maandishi yote aliyoyanakili.

Nisije nikadhaniwa kwamba mzaha juu ya sanaa ni kazi ya Wazungu tu, nitamtaja Michael Soi wa Nairobi, ambaye picha zake zina mistari mizito na rangi kali kama za vibonzo vya gazetini. Mwaka 2013 Kenya ilikuwa na banda lake katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya Venice, Italia, lakini wengi wa waliowakilisha nchi yetu humo walikuwa wasanii wa Kichina. Mwaka 2015 jambo likataka kurudiwa vilevile. Wasanii wa hapa walipiga kelele, na serikali ikalikana banda hilo. Soi hakuishia kupiga kelele. Alichora mfululizo mzima wa picha za kuidhihaki aibu hiyo ya Venice, na watu wasioweza kwenda Italia maishani mwao wakayajua yaliyotendeka kwa jina lao. Ukiniuliza lile swali langu, anayechekwa ni nani, hapa jibu liko wazi kama mchana.

Tena Soi huchora juu ya mikoba ya turubai. Mtu asiyeweza kununua picha yake kubwa hununua mkoba, akautia begani, akapanda nao matatu. Nimewahi kuwasikia watu wakibishana juu ya mchoro uliokuwa begani mwa abiria mmoja, kuanzia Ngara hadi tulipofika Githurai, na mwenye mkoba akaingilia na kuwaeleza. Hayo yalikuwa maonyesho ya sanaa, ila hayakuwa na ada ya kiingilio wala mtu wa kuwanyamazisha.

Turudi darasani. Mimi nimeacha kuwaagiza wanafunzi wanakili maandishi. Tukizuru Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, huwaambia kila mmoja achague kitu kimoja tu, akitazame kwa dakika kumi nzima, kisha achore kibonzo chake na cha yule anayekitazama. Dakika kumi ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Wa kwanza huchoka ikifika ya tatu, akaanza kucheka, na ni katika kucheka huko anapogundua kwamba yule mtoto wa Turkana, ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, alikuwa na umri usiozidi wake alipofariki miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hapo kicheko hukatika chenyewe. Sijawahi kulazimika kumnyamazisha mtu mbele ya mifupa ile.

Huwaruhusu pia kuingia dukani, hata kama ni kutazama tu. Na ningetamani siku moja wamkute humo Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na akafa mwaka 1974. Sanamu yake ya ukubwa kamili imesimama katika ua wa jumba hilo. Ana kila kitu alichonacho William, tena jina lake hakulipata kwa mzaha wa mgeni. Ahmed mdogo wa udongo, wa bei ambayo mtoto wa shule ya umma anaweza kuimudu, angeingia katika nyumba nyingi zaidi ya kitabu chochote cha historia tulichowahi kukichapisha.

Katika ziara yetu ya mwisho msichana mmoja wa kidato cha tatu alimchora Ahmed huyo. Kibonzoni amezungukwa na wanafunzi arobaini waliovaa sare, wote wameinamia madaftari, kalamu zinakimbia, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Askari wa lango anamwuliza ndovu mbona ametulia hivyo. Naye anajibu: “Nawangoja wamalize kuniandika, ndipo wanione.”

Nilimpa alama kumi juu ya kumi, nikamwomba ruhusa nikibandike kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Mwenzangu mmoja wa somo la historia alikisoma, akakunja uso, akaenda zake, na kesho yake alirudi kuniuliza kama anaweza kupata nakala. Muhula ujao tunakwenda Fort Jesus pamoja naye, na tumekubaliana kwamba madaftari yatabaki ndani ya basi.